Mfumo Aliouacha Mwanangu

Kompyuta niliyo nayo niliinunua Migori mjini, kwa mama mmoja Mkuria mwenye kibanda cha kutengeneza mashine nyuma ya maduka ya mbolea. Ni mashine kuukuu ya mezani iliyotoka katika ofisi iliyobadilisha vifaa vyake. Nilirudi nayo nyumbani kwa bodaboda. Kasha lilifungwa nyuma kwa mpira, mimi nikakaa katikati, na skrini nikaipakata ikiwa imeviringishwa blanketi. Jirani mmoja aliyenikuta njiani alivua kofia akanipa pole, akidhani nimebeba mtoto mgonjwa. Nilimwambia ni televisheni, kwa sababu niliona aibu kusema ni kompyuta. Mzee wa umri wangu atafanya nini na kompyuta?

Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumba yangu iko kati ya Migori na Awendo, ndani kidogo kutoka barabara kubwa, na ukisimama mlangoni unaona miwa tu mpaka kilimani. Asubuhi kuna ng'ombe wa kukamua, jioni kuna redio. Mchana ndio mrefu. Nilifanya kazi miaka mingi kama karani kwenye mzani wa miwa, na huko mwishoni tuliletewa kompyuta, kwa hiyo kibodi hainitishi. Niliwaza kwamba nikiwa nayo nyumbani nitasoma magazeti, nitaandika mambo mawili matatu, na mchana utapungua.

Haikuwa hivyo. Mfumo uliokuwa ndani ya mashine ulikuwa wa zamani mno. Kila nilipoiwasha ulinionya kwamba muda wake umekwisha, kurasa za magazeti zilikataa kufunguka, na kufungua barua moja kulichukua muda wa kukamua ng'ombe mzima. Nikalirudisha kasha kwa yule mama.

"Mzee, mashine haina ugonjwa," alisema baada ya kuichungulia. "Ni mfumo ndio umezeeka. Nikuwekee mpya?"

"Mpya ni wa kununua?"

"Wa kununua huwezi, na mimi pia siwezi. Nitakuwekea ule wa kuvunja. Hapa mjini kila mtu anatumia huo."

"Wa kuvunja, maana yake ni wa wizi?"

"Kwani wewe ni wa kanisa gani?" alisema, akacheka mpaka wateja wa jirani wakageuka. "Sawa. Kuna ya bure. Bure ya halali, hakuna mtu atakayekuuliza. Linux. Lakini watu nikiwawekea hiyo wanarudi kesho wakilia kwamba hawaoni vitu vyao."

"Mimi sitalia."

"Wote husema hivyo. Sasa unataka gani? Ziko nyingi kama makanisa. Na kama makanisa, kila moja imetoka kwa nyingine baada ya ugomvi."

Nilimwambia aniachie kwanza, kuna mtu nitakayemuuliza. Nilipotoka kibandani nilishangaa kwamba nimesema hivyo, maana mtu niliyemfikiria hakuwa ameongea nami tangu mazishi ya mama yake.

Nina watoto wawili, wote wa kiume. Mkubwa yuko Mombasa. Kazi yake ni kutunza zile kompyuta kubwa ambazo makampuni huweka kumbukumbu zao. Mdogo yuko Homa Bay, ananunua samaki kutoka kwa watu wa kisiwa cha Mfangano, ambako mama yao alizaliwa, na kuwauza bara.

Kwetu kijana wa kiume akikua hujenga nyumba yake ndogo karibu na lango la boma. Nyumba hiyo tunaiita simba. Mkubwa hutangulia, mdogo hufuata. Si suala la adabu peke yake. Mdogo akijenga kabla ya kaka yake, amemruka, na kumruka mtu ni kama kusema hayupo tena duniani. Kila mtoto wa kwetu anajua hivyo kabla hajajua kusoma.

Mwanangu mkubwa alikuwa chuoni, kisha akapata kazi pwani, na kila Krismasi alisema atajenga mwaka unaokuja. Wakati huo mdogo akapata mke, na mke akawa mjamzito, na hawakuwa na mahali pao. Mama yao aliniambia tumwite mkubwa aje hata kwa siku moja. Nguzo nne na mabati machache yangetosha. Akilala humo usiku mmoja, mdogo yuko huru kujenga. Mimi nilisema sisi ni watu wa shule na wa kanisa, na mambo hayo ni ya zamani. Nilisema hivyo mbele ya watu, na baadhi yao wakanisifu. Lakini sikuwa nimeongozwa na shule wala kanisa. Nilimkasirikia mkubwa kwa kutokuja, kwa simu zake fupi, kwa kuishi kama mtu asiye na kwao. Nilitaka nyumba ile ijengwe na nilitaka asikie imejengwa.

Alisikia. Hakusema neno, si kwangu wala kwa mdogo wake.

Mama yao alipofariki, alikuja. Mwanamume mzima halali katika nyumba ya baba yake, na hawezi kulala kwa mdogo wake, achilia mbali katika nyumba ile. Waombolezaji walilala kila mahali, wengine kwenye madarasa ya shule ya jirani. Yeye, mtoto wa kwanza wa marehemu, alilala gesti Migori mjini. Kila asubuhi alikuja na teksi akashuka nje ya lango kama mtu wa serikali, akanisalimia kwa mkono, akakaa kwenye viti vya wageni. Baada ya maziko aliondoka kabla hata ya siku ya kunyoa nywele za msiba. Nilimsindikiza mpaka langoni. Nyumba ya mdogo wake iko palepale karibu na lango, na wote wawili tulijitahidi kutoitazama.

Muda mfupi baadaye mdogo naye alihamia Homa Bay na familia yake. Alisema ni kwa sababu ya biashara. Alitia kufuli mlangoni na funguo akaniachia mimi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya ujumbe nilioandika siku ile nilipotoka kwa fundi. Niliuandika na kuufuta mara nyingi. Mwisho ukabaki hivi: "Habari. Nina kompyuta. Fundi anasema kuna mifumo ya bure. Nichague upi?" Sikuandika "mwanangu." Niliogopa neno hilo lingemfanya asisome yaliyosalia.

Siku zilipita. Nilikuwa zizini wakati simu ilipolia mfukoni. Ujumbe wake ulikuwa na maneno mawili tu: "RAM ngapi?"

Sijawahi kufurahia maneno mawili kiasi kile. Sikujua RAM ni nini, wala ningejuaje ni ngapi. Ningeweza kumpigia simu yule mama, lakini nilivaa koti nikaenda mjini mwenyewe. Nilitaka kutembea nikiwa nimetumwa na mwanangu.

Kuanzia hapo tuliandikiana. Mimi niliandika mchana, yeye alijibu alipopata nafasi, mara nyingi siku ya pili. Hakuuliza hali yangu na mimi sikuuliza yake. Tulizungumza kuhusu mashine. Nilimwuliza kwa nini Linux ziko nyingi, akanieleza kwa uvumilivu ambao sikuutegemea. Aliandika kwamba Linux yenyewe ni kiini tu, ile sehemu inayozungumza na vyuma vya mashine. Vingine vyote hukusanywa huku na huku, na kila kundi linavipanga linavyotaka, ndiyo maana hazifanani sura. Aliandika kwamba kuna jamii nyingine, BSD, ambayo ni tofauti: kiini na vitu vinavyokizunguka hutunzwa pamoja na watu walewale, mahali pamoja. Zote mbili, alisema, ni za bure, na zote mbili zilifuata mtindo wa mfumo mmoja wa zamani sana uitwao Unix.

"Kwa hiyo ni kama binamu," niliandika.

"Kama binamu," alijibu. Kisha, baada ya muda: "Lakini hawakai boma moja."

Nilikaa na sentensi hiyo siku nzima, nikijiuliza kama ilikuwa ni ya kompyuta.

Mwishoni akanipa ushauri wake. Nichukue Linux moja nyepesi aliyonitajia, inayofaa mashine yenye nguvu ndogo. Ina madirisha na vitufe kama nilivyozoea kazini. Tena naweza kuionja kwanza: fundi aiweke kwenye flashi, mashine iwake kutoka humo, na nisipoipenda nichomoe, diski haijaguswa. Ulikuwa ushauri mzuri na ulio wazi. Mtu mwenye akili angeufuata.

Mimi nilichagua BSD.

Nitaeleza kwa nini. Mwanangu alipokuwa chuoni alikuja likizo na kompyuta ya kupakata, na juu ya kifuniko chake kulikuwa na stika ya kishetani chekundu chenye pembe na mkia, kimeshika uma na kuvaa viatu vya michezo, kikitabasamu. Nilikuwa mzee wa kanisa wakati ule. Nilimwuliza hicho ni nini mezani kwangu. Akasema ni alama ya mfumo anaoutumia, unaitwa BSD, ni katuni tu, haina maana mbaya. Alitaka kunionyesha. Alikuwa amefurahi, alivuta kiti karibu na changu na kuanza kueleza namna alivyouweka mwenyewe kutoka mwanzo, namna hakuna mtu darasani aliyeweza. Sikusikiliza. Alipokwenda kuoga mtoni nilichukua wembe nikaikwangua ile stika, na wembe ukaacha mikwaruzo kwenye kifuniko. Mama yake aliniambia nimefanya vibaya. Nilimjibu kwamba nimelinda nyumba.

Sasa, baada ya miaka yote hiyo, nilisema moyoni kwamba nitautumia mfumo wake. Nitakaa mbele yake, nitaujifunza, na siku moja nitamwambia: ninatumia ule wako. Niliona ataelewa ninachosema bila mimi kulazimika kukisema.

Nilimwambia yule mama fundi.

"Hii hata sijawahi kuombwa," alisema. "Mwanao ndiye amekuambia?"

"Ndiyo," nilimdanganya.

Alitafuta kwenye intaneti, akapata, akaanza kuishusha. Ghafla akaacha kutafuna karanga zake. "Jaduong'," akaniita mzee kwa lugha ya kwetu, "hapa kuna shetani."

"Najua."

"Mwenye viatu."

"Najua, mama. Endelea tu."

Aliendelea, lakini alivuta kiti chake nyuma kidogo.

Niliipeleka mashine nyumbani, nikaiwasha. Skrini ilikuwa nyeusi. Maandishi meupe yalipita kwa kasi kama malori ya miwa yanayorudi yakiwa matupu, kisha yakasimama, na pale chini kukawa na neno moja likiniomba jina langu. Niliandika jina na nywila. Ikanipokea, halafu ikakaa kimya, alama moja tu ikimetameta. Hakukuwa na dirisha wala kitufe. Kipanya hakikuwa na kazi. Kidude changu cha waifai, kile cha kuchomeka ili mashine inase intaneti ya simu, hakikutambuliwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mfumo huu hukupa msingi na kuta, mengine unayaleta mwenyewe.

Nilianza kumwuliza mwanangu. Sikumwambia nimeweka upi. Yeye alidhani ni ile Linux, na akanielekeza kama mtu mwenye Linux.

"Andika hivi," aliniandikia.

Niliandika. "Inasema amri hiyo haijulikani."

"Haiwezekani. Angalia herufi."

"Nimeangalia."

"Jaribu hii."

"Imekataa pia."

Kusema kweli, si shida zote zilikuwa za kweli. Nilisoma maelezo kwenye simu yangu, polepole, miwani puani, na mambo mengine niliyafanikisha. Nilijifunza kuunganisha simu kwa waya ili mashine ipate intaneti kupitia kwayo. Hilo nililifanya peke yangu na nilijivunia. Lakini sikumwambia. Nilimwandikia kwamba intaneti bado imekataa, kwa sababu mashine ikipona, tutaongea nini?

Ikaendelea hivyo mpaka alipoandika: "Piga picha ya skrini utume."

Sikuwa na njia. Nilipiga, nikatuma. Haukupita muda, simu ikalia. Hakuwa amenipigia tangu mazishi.

"Baba, hiyo si Linux."

"Ndiyo. Si Linux."

"Ni nani amekuwekea hiyo? Yule fundi?"

"Mimi ndiye nilimwambia."

"Lakini nilikuandikia kila kitu. Nilikuambia ile nyepesi. Hiyo ni ngumu, na hicho kidude chako cha waifai haikitaki. Kwa nini?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile ambacho mama yake alikuwa akichambulia mboga. Nikasema, "Kwa sababu ndiyo yako. Ile ya kishetani. Nilitaka kutumia unayotumia."

Akasema taratibu, si kwa hasira, "Baba, mimi niliacha kutumia hiyo. Zamani. Nilikuwa naitumia chuoni tu. Kazini natumia Linux, na nyumbani pia."

"Uliacha?"

"Miaka mingi."

Nilitazama zile herufi nyeupe. Siku zote hizo nilikuwa nikijitaabisha na mfumo wa kijana aliyevuta kiti karibu na changu, na kijana huyo hayupo. Kuna mwanamume wa makamo Mombasa ambaye sijui anakula nini asubuhi.

"Na ile intaneti?" aliuliza. "Kwenye picha naona imeunganishwa. Umeunganisha kwa simu. Ulijifunza wapi?"

"Nilisoma."

"Basi ilikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa inafanya kazi."

"Na ulisema imekataa."

"Nilisema."

Nikaona afadhali nimalize, maana sikujua kama atanipigia tena. Nikamwambia kwamba nyumba ya mdogo wake niliiruhusu mimi. Kwamba mama yake alinikataza. Kwamba sikuiruhusu kwa sababu ya kanisa. Niliiruhusu ili aumie. Nilisema na stika niliikwangua mimi, kana kwamba hakujua. Nikamwomba arudi nyumbani.

"Nirudi," alisema. "Nikija, nitalala wapi?"

Akaniambia kwa upole kwamba yuko kazini, na kwamba nimwambie fundi aweke ile Linux nyepesi. Akakata.

Wiki hiyo nilikwenda Homa Bay. Nilimkuta mdogo ziwani mahali mashua za Mfangano zinaposhusha mizigo, amekunja suruali, anabishana na mwanamke mmoja kuhusu beseni la omena, dagaa wa kwetu. Aliponiona aliacha kubishana.

"Mzee amekuja mpaka mjini," aliwaambia wenzake. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kuomba nyumba yako."

"Ichukue. Panya ndio wenye nyumba, zungumza nao." Wenzake walicheka. Aliponiona sicheki akanawa mikono, akanipeleka pembeni kwenye kivuli cha banda la barafu, akaniagizia chai.

Nilimweleza kwamba nataka mabati yashuke na mlango ung'olewe, pasiwe na nyumba yake langoni mpaka kaka yake atakapojenga, ikiwa atajenga. Nilidhani atakasirika. Alizungusha kikombe mikononi kwa muda.

"Ulijua kwa nini tulihama?" aliniuliza.

"Biashara."

"Biashara ningeifanya nikiwa nyumbani, Baba. Mtoto akipata homa, watu walisema ni nyumba. Mke wangu akianguka na ndoo, ni nyumba. Mama alipougua." Akaweka kikombe chini. "Hata alipougua Mama, walisema ni mimi niliyemruka kaka yangu. Walinisema mimi. Wewe ulikuwa umekaa pale ukisoma gazeti."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Wewe ulisema ni mambo ya zamani."

Chai ilipoa. Nilikuwa nimejiambia kwamba watoto wangu waliondoka, mmoja kwa kiburi na mwingine kwa pesa, na mke wangu kwa Mungu. Kumbe wawili nilikuwa nimewafukuza kwa nyumba moja.

"Nitakuja Jumamosi," alisema mwishowe. "Mabati nitayashusha mwenyewe. Usipande juu, utavunjika mguu halafu waseme ni nyumba."

Alikuja. Tuliyashusha mabati, tukayapanga nyuma ya zizi, kuta za udongo tukaziachia mvua. Hakulala. Alirudi Homa Bay alasiri, na mimi nikafagia misumari pale langoni ili ng'ombe wasichomwe.

Nilimwandikia mkubwa: "Nyumba ya langoni haipo tena. Ndugu yako ndiye ameitoa. Si kwamba uje. Ni ili ujue."

Alijibu baada ya siku kadhaa. "Usinijengee kitu."

"Sijengi," niliandika. "Ni juu yako kujenga."

Hakuandika tena.

Nilipeleka mashine Migori mara ya mwisho. Yule mama alifurahi kuondoa BSD, na wakati Linux ile nyepesi ikiingia alinionyesha ndege mnene mwenye tumbo jeupe ambaye ndiye alama yake. "Huyu tunaweza kukaa naye," alisema. Programu ya kuweka iliuliza maswali machache. Iliniuliza niko upande gani wa dunia, nikabonyeza Nairobi. Iliniuliza kompyuta hii itatumiwa na nani, nikaandika jina langu, ikaniuliza kama nataka kuongeza watumiaji wengine. Yule mama alikuwa tayari amenyoosha kidole kubonyeza hapana. Nikamzuia kidogo, nikafikiri, kisha nikamwambia abonyeze tu. Nisingetaka kufungua milango kwa watu ambao sijui kama watakuja.

Mfumo ule ni mzuri. Mwanangu alinishauri vema. Unawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti, magazeti yanafunguka, kidude cha waifai ulikitambua wenyewe bila kuulizwa. Stima ikikatika ghafla na kurudi, nauwasha tena na kila kitu kipo. Kwa miezi mingi haujanipa shida hata moja, na hapo ndipo ulipo ugumu wake. Nikimaliza kusoma magazeti, mchana bado unabaki, na mimi nabaki mbele ya skrini iliyo nzima, sina la kumwuliza mtu yeyote Mombasa.

Nilifikiria kuuharibu. Najua jinsi ya kuuharibu sasa. Ni amri fupi tu. Niliiandika hata, siku moja, nikaitazama, nikaifuta herufi moja moja.

Jana nilichukua simu nikampigia. Nilijua ni saa yake ya chakula cha mchana. Simu ililia kwa muda mrefu ndipo akaipokea.

"Baba. Mashine imefanya nini?"

"Haijafanya kitu."

"Waifai?"

"Iko sawa. Yote iko sawa."

"Basi kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimepiga tu."

Nilingoja akate. Nyuma yake nilisikia sahani, na watu wakicheka kwa mbali, na mtu akimwita kwa jina ambalo si lile tulilompa, labda ndilo wanalomwita huko. Aliwajibu kwamba anakuja. Hakwenda.

"Huko mvua imeanza?" aliuliza.

Nilimwambia Awendo imenyesha, kwetu bado, lakini mawingu yapo na majirani wameanza kulima. Aliuliza kama miwa imekatwa. Nikamwambia imekatwa upande wa chini tu. Aliuliza ng'ombe wangapi, nikamwambia. Kisha hatukuwa na la kuuliza, na hakuna aliyekata.